Siku tisa na shemeji: kutoka kona za Chimala hadi vyungu vya Lyulilo

Siku ya kwanza, Jumamosi

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma nimeipita kwa miaka kumi na moja nikifuata biashara ya vipuri. Niulize wapi supu ni nzito na wapi choo kina maji, nakujibu bila kufikiri. Niulize kuhusu milima yake, hapo sina la kusema, kwa sababu tukishapita Makambako huwa nalala, na kinachoniamsha ni kelele za wauza viazi pale Uyole. Mke wangu ni mtu wa Tukuyu. Tumeoana miaka tisa, na kwao nimefika mara tatu, zote kwenye misiba, usiku naingia na alfajiri natoka.

Kaka yake ndiye aliyenichokoza. Tulikuwa kwenye shughuli ya familia Tabata, watu wamekaa wanakula, akasema kwa sauti: "Shemeji huyu kwetu anakujua kama mtu anavyoijua nyumba kwa kupita uchochoroni." Watu wakacheka, mke wangu akacheka kuliko wote. Nikafunga duka siku tisa.

Mpango ni wa shemeji. Mbeya mjini hatugusi. Tunashukia Chimala, tunapanda Matamba, tunavuka uwanda wa Kitulo, tunatokea Isyonje, kisha Tukuyu, na mwisho Matema kwenye Ziwa Nyasa. Mimi nilitaka Juni, msimu wa kiangazi, barabara kavu. Akaniambia Juni Kitulo utakuta nyasi na umande ulioganda. Maua ni Desemba hadi Aprili. Basi tukaondoka Februari, mvua zikiwa ndizo zimechanganya.

Ya njiani sina mengi: Mikumi tuliona twiga kwa dirishani, mlima Kitonga basi lilipanda likikohoa nyuma ya malori. Tulipomwambia kondakta atushushe Chimala akatutazama kwa huruma. "Mna mgonjwa hospitali?" Alipoambiwa tunakwenda kutembea tu, alinyamaza kidogo, kisha akatushusha mizigo mwenyewe.

Chimala usiku ni joto na mbu. Hapa ni ukingo wa bonde la Usangu, nchi ya mpunga. Nimelala bila shuka, nikamwambia shemeji kupitia ukutani, "Nyanda za juu gani hizi? Natoka jasho kama niko Buguruni." Hakujibu.

Siku ya pili, Jumapili

Asubuhi nikatoka nje na mswaki mdomoni, nikaona kilichokuwa nyuma yetu usiku kucha. Ukuta. Mlima umesimama hatua chache kutoka lami, na juu yake kuna mkwaruzo wa rangi ya udongo unaokwenda kushoto, unarudi kulia, unakwenda kushoto tena, hadi unapotea kwenye wingu. "Ndiyo barabara yetu," shemeji akasema. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake.

Tulipanda Land Rover ya zamani, watu kumi na wanne ndani na magunia matatu ya chumvi juu. Nilipewa kiti cha mbele, katikati ya dereva na mama mmoja aliyepakata kapu lenye vifaranga. Niliamua kuhesabu kona. Kwenye ya tisa dereva alikata usukani nusu, akarudi nyuma kidogo kuelekea bondeni, akakata tena, ndipo gari likageuka. Hiyo "kidogo" ya kurudi nyuma siisahau. Hesabu yangu iliishia 51. Zilizobaki nilifumba macho.

Lakini kona ya ishirini na kitu gari lilipumzishwa, maji yakaongezwa kwenye rejeta, tukashuka. Usangu yote ilikuwa chini yetu. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji yakimetameta moja moja, mamia, mpaka macho yanaposhindwa. Maji ya bonde lile hukusanyika kuwa Ruaha Mkuu, yakafika bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Shemeji alinionyesha kwa kidole kama anayeonyesha shamba lake. "Feni yako ya Tabata inaanzia hapa." Nimekaa Dar zaidi ya nusu ya umri wangu na nimelalamikia umeme karibu kila wiki; hii ndiyo mara ya kwanza kuona unakotoka.

Matamba ni mji mdogo wa mteremko, mabati na miti ya mbao, na watu waliovaa makabuti saa nane mchana. Nilinunua sweta la mtumba kabla hata ya kutafuta gesti. Jioni tuliingia kwa mama muuza chai, jikoni kwake kabisa, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe umetoka pwani."

"Umejuaje, mama?"

"Unatetemeka na jua halijazama."

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, na Lushoto nimefika mara nne, kwa hiyo nilijidai baridi naijua. Usiku nikaomba blanketi la tatu.

Siku ya tatu, Jumatatu

Nitasema mapema: kama una siku moja tu ya kutumia kusini, itumie Kitulo. Na usiende kama unavyokwenda Mikumi.

Tulipofika juu kwenye uwanda hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba askari wa hifadhi aliyetuongoza alikuwa sauti tu inayotembea mbele yetu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu fedha za kukodi gari moyoni. Yeye akasema, taratibu kabisa, "Kwenye hifadhi nyingine mgeni anatazama mbali kutafuta tembo. Hapa tazama miguuni."

Nikatazama. Nilikuwa nimesimama katikati ya maua. Madogo ya zambarau, ya manjano, meupe yenye madoa, mengine yamesimama wima kwenye kijiti kimoja, chini mekundu na juu ya chungwa, kama mwenge. Nikasogeza mguu, na pale nilipousogezea pia palikuwa na maua. Kwa saa nzima tulitembea hivyo, vichwa chini, kama watu waliopoteza ufunguo. Askari alikuwa akiinama na kutaja: hii ni okidi, hii nayo ni okidi lakini si ndugu na ile, hii ukiirudia wiki ijayo hutaikuta, itakuwa zamu ya nyingine. Aina za okidi zinazoota ardhini hapa ni 45, na mimea yote pamoja ni kama 350. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi, na ukipiga hatua za haraka unasikia kifua kinakukumbusha.

Wenyeji tangu zamani wanapaita Bustani ya Mungu. Wazungu nao walipaita Uwanda wa Elton, kwa jina la Frederick Elton, Mwingereza aliyepita huku miaka ya 1870. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa hifadhi ni simba, inachukua muda kukubali kwamba askari mwenye bunduki analinda ua.

Na analilinda kwelikweli. Sehemu moja alituonyesha vishimo, kumi au kumi na tano, vimechimbwa kwa jembe dogo. Mizizi ya okidi ina viazi vidogo. Vinachimbwa, vinakaushwa, vinavushwa Tunduma kwenda Zambia, kule vinasagwa na kuchanganywa na karanga vikapikwa chakula kinachoitwa chikanda, ambacho kikiiva hukatwa vipande kama nyama. Kiazi kimoja, ua moja, basi. Nilimuuliza wanaochimba ni nani. Akasema, "Watu wenye watoto shuleni." Hakuongeza neno, wala hakuonekana kuwachukia.

Saa tano ukungu ukapanda wote mara moja, kama mtu aliyevuta pazia. Tukaona uwanda ulivyo: nyasi fupi zinazokwenda mawimbi mawimbi, hakuna mti, vijito vyembamba vinang'aa, na kwa mbali ndege wakubwa wawili, tandawala, wakitembea kwa madaha kama wazee waliovaa kanzu. Mbayuwayu wa buluu walikuwa wakipita chini kabisa, usawa wa magoti. Hakukuwa na gari jingine. Siku nzima hatukukutana na mgeni mwingine hata mmoja, Mtanzania wala wa nje.

Kisha askari akaonyesha kilele upande mmoja. "Mtorwi, mita 2,961. Ndio mrefu kuliko yote kusini."

Shemeji akasimama. "Na Rungwe?"

"2,960."

"Mita moja?"

"Mita moja, kaka."

Shemeji ni Mnyakyusa wa chini ya Rungwe, amekua akiambiwa mlima wao hauna mpinzani huku kusini. Alidai vipimo virudiwe. Alidai Mtorwi umepimwa juu ya kichuguu. Askari, ambaye alikuwa mtu wa Makete, alicheka mpaka akalazimika kuhamisha bunduki bega. Tulishuka kurudi wakirushiana maneno ya utani njia nzima, na mimi nikatembea nyuma yao nikiwa nimeridhika: leo wa kuchekwa si mimi.

Siku ya nne, Jumanne

Kutoka Kitulo hadi Isyonje hakuna basi la kulitegemea msimu wa mvua. Tulipata Fuso la viazi. Mizigo ilikuwa lumbesa, magunia yaliyoongezewa kilemba cha juu na kushonwa kwa kamba mpaka yanafanana na wajawazito, na sisi tukakaa juu yake na vijana wanne wa kupakia. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi. Hiyo niliikumbuka nikiwa nimeikalia.

Gari lilikwama mara mbili. Mara ya kwanza dakika ishirini. Mara ya pili saa tatu na nusu, kwenye udongo mweusi unaoteleza kama sabuni, mvua ikinyesha ya kulala. Vijana walikata matawi, wakachimba, wakapanga mawe, na shemeji aliyekuja na viatu vyeupe alisukuma hadi vikawa na rangi moja na barabara. Mimi nilipewa kazi ya kushika jiwe la kuzuia gurudumu, kazi ya watoto, wala sikuona haya.

Katika kungoja kule ndipo nilipoona mlima unavyolimwa. Upande wa Kikondo miteremko yote ni viazi, matuta yamepanda hadi karibu na kilele, mahali ambapo ukidondosha kiazi kitakusubiri bondeni. Katikati ya viazi kulikuwa na mashamba ya maua meupe, mengi, mazuri. Nikamwambia kijana mmoja, "Kumbe na huku maua ya hifadhi yapo." Alinitazama kwa upole. "Hiyo ni pareto, mzee. Dawa ya mbu." Maua yanachumwa, yanakaushwa na kwenda kiwandani kutoa dawa ya kuua wadudu. Niliyemwaga jasho na kupigwa na mbu Chimala nilikuwa nikiyatazama mashamba ya dawa yake.

Isongole tumeingia usiku. Chipsi mayai, viazi vyenyewe vya huku, vinakatika vizuri. Nimelala na soksi.

Siku ya tano, Jumatano

Leo ni Ziwa Ngozi, ambalo shemeji alikuwa akinipigia debe tangu Dar. Ziwa la kreta, linatajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika katika maziwa ya namna hiyo. Urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu, limekaa ndani ya mlima uliopasuka zamani, kuta zake zimesimama kama za ndoo. Ukilitazama toka ukingoni, wanasema, linafanana na ramani ya Afrika.

Tulichukua kijana wa kutuongoza. Kwanza mashamba ya kabichi na viazi, kisha msitu, na msitu huu ni wa aina yake: mianzi minene, migomba pori yenye majani mapana kuliko mlango, kangaga zenye shina refu kama mnazi. Mbega walikuwa wakiguruma juu bila kuonekana. Njia ilikuwa tope la kupanda nalo kwa mikono, unashika mzizi, unajivuta, mzizi unabaki mkononi. Nilianguka mara nne. Shemeji mara mbili, lakini ya pili ilikuwa na thamani ya zangu zote.

Baada ya saa moja na nusu kijana akasema, "Tumefika, msisogee zaidi."

Kulikuwa na weupe. Mbele, chini, kulia, kushoto, weupe mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Hata mti ulio hatua tano hatukuuona vizuri.

"Liko wapi?"

"Hapo chini. Kama mita mia mbili."

Tulikaa. Tulikula mkate. Kijana alitueleza tusichokiona: kwamba maji hubadilika rangi, siku nyingine kijani, siku nyingine karibu meusi; kwamba wazee wa Kisafwa walikuwa na mambo yao ya kufanya na ziwa hili na si kila mtu alishuka; kwamba wapo wanaoamini Wajerumani waliacha mali ndani. Nilipoanza kulalamika kwa sauti, nimetoka Dar, nimesukuma Fuso, na kadhalika, alinikatiza kwa adabu. "Kaka, usilitukane. Lina wenyewe." Nikanyamaza. Huku juu, kwenye weupe ule, mtu hawi na ujasiri wa kubishana.

Kuna jambo moja alilosema ambalo halina ushirikina ndani yake. Chini ya mlima huu bado kuna joto, na serikali imekuwa ikichimba visima kutafuta jotoardhi ya kuzalisha umeme. Mikono miwili ya Bonde la Ufa, ule wa mashariki na ule wa magharibi, inakutana eneo hili na kushuka pamoja kuelekea Nyasa, ndiyo maana ukoo mzima wa volkano uko hapa: Ngozi, Rungwe, Kyejo. Kyejo ulimwaga lava yake ya mwisho yapata mwaka 1800, muda ambao katika umri wa mlima ni sawa na juzi.

Tulingoja saa mbili. Hakikufunguka kitu. Kushuka nilishuka kwa makalio.

Siku ya sita, Alhamisi

Mto Kiwira una vituko viwili, na vyote unaviona kwa asubuhi moja ukiwa na bodaboda.

Cha kwanza ni Daraja la Mungu. Lava ilishuka zamani ikafunika mto, ikaganda, maji yakaendelea kula chini yake hadi likabaki tao la jiwe, pana, limeota miti na majani juu. Watu walivukia hapo kabla ya kuwa na daraja jingine. Ni zuri, nililitazama, nikapiga picha, nikawa nimemaliza.

Cha pili ni Kijungu, na hapo nilikaa saa nzima. Kipo kwenye eneo la chuo cha Magereza, unaomba ruhusa kwanza, na bwana wa getini alituandika majina kwa mwandiko mzuri wa kishule. Mto mzima wa Kiwira, ule ambao umetoka kuuona mpana na wenye kelele, unafika mahali unabanwa na mawe, unaingia ndani ya shimo la mviringo kama chungu, unazunguka, unachemka, na unapotea. Hauonekani tena. Unatembea juu ya mwamba mkavu ukijua mto uko chini ya soli zako, kisha unaukuta mbele umetokea kama hakuna kilichotokea. Ningependa kusema nililala kifudifudi kuchungulia, lakini shemeji alinishika mkanda na kuniambia hayuko tayari kumpelekea dada yake taarifa hiyo.

Mchana tukawa Tukuyu, kwao. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukuyu ikiacha kunyesha watu hutoka nje kuangalia kuna nini. Mama mkwe alitupokea kwa mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama zikalegea, na parachichi kubwa kama kichwa cha mtoto, ambalo kwa Dar ningelilipia nauli ya bajaji. Nilijitahidi kumshukuru kwa Kinyakyusa changu.

"Ndaga, mama."

"Ndaga fijo, mwanangu. Mmeliona Ngozi?"

"Wingu, mama. Hatukuona."

Alicheka akiwa ameshika mdomo kwa khanga. "Mimi nimezaliwa hapa, nina wajukuu kumi na tatu, sijawahi kwenda." Nikamuuliza kwa nini. Akashangaa swali. "Nikafuate nini?" Rungwe, kwa upande mwingine, anautazama kila asubuhi, kwa sababu ukivaa kofia ya wingu haaniki kahawa wala nguo. Nilimuuliza pia kuhusu kima wa msitu wa Rungwe, yule kipunji, ambaye wataalamu walimtangazia ulimwengu mwaka 2005 kuwa ni aina mpya, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake peke yake. "Kipunji?" akasema. "Mbona yule tulikuwa tunamjua."

Jioni tulikwenda mara moja kuona ziwa la Masoko, dogo, la mviringo, kreta nyingine. Wajerumani walikuwa na ngome hapo, na jengo lao la mawe ndilo watu wanalosikilizia kesi hadi leo. Wanasema walipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa fedha majini, na sarafu zimewahi kuokotwa. Ziwa hili tuliliona lote, halikuficha kitu. Nikaona nimeanza kulikumbuka lile nisiloliona.

Siku ya saba, Ijumaa

Kushuka kwenda Kyela ni kubadilisha nchi bila pasipoti. Unaacha chai na mianzi, masikio yanaziba, sweta linatoka, kisha shati la ndani. Ghafla ni mpunga, michikichi, na kakao iliyoanikwa kwenye mikeka kando ya barabara ikinuka kama siki. Ipinda tulikunywa maji ya madafu nusura nilie kwa kukumbuka nyumbani.

Matema iko mwisho wa barabara, kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mchanga, mitumbwi, embe, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima kutoka majini hadi mawinguni, bila nafasi ya barabara. Juu ya ukuta ule, nyuma kabisa, ndiko kuliko Kitulo. Jumatatu nilikuwa na blanketi tatu, na leo naogelea chini yake. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 700 hivi katika sehemu zake za ndani, na maji ni meupe kiasi kwamba ukisimama hadi shingoni unahesabu vidole vya miguu na samaki wadogo wa rangi wanaovichunguza.

Chakula: samaki mbasa wa kuchoma, ugali, pilipili. Sina la kuongeza.

Siku ya nane, Jumamosi

Lyulilo ni kijiji cha jirani, mwendo mfupi wa mguu ufukweni, na Jumamosi ni soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi, hasa wa Ikombe ng'ambo ya rasi, wanavifinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na vinakuja kwa mitumbwi vimepangwa na nyasi katikati. Asubuhi ufukwe wote ulikuwa vyungu: vya maji, vya mboga, vya pombe, vidogo vya kuchezea watoto. Wachuuzi wanavibeba kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya, na ng'ambo Malawi.

Nilimkuta mama mmoja, mtu mzima, amekaa pembeni ya vyungu vyake bila kumwita mteja. Anagonga kimoja kwa pingili ya kidole, anasikiliza, anakiweka. Anagonga kingine. Nikaomba anifundishe. Kilicho kizima kinalia kama kengele iliyofunikwa. Chenye ufa kinajibu kama mlango. Alinipa kumi nijaribu. Nilipata saba, akasema kwa mtu wa pwani si vibaya.

Nilichagua cha ukubwa wa kichwa, mdomo umepakwa udongo mwekundu. Akauliza naishi wapi. Nikamwambia Dar es Salaam.

"Utakipeleka na nini?"

"Basi, mama."

"Ukiweke mapajani. Ukikiweka buti hutafika nacho. Usimpe mtu akushikie."

Shemeji akasema, "Atanipa mimi."

"Hata wewe," akasema mama.

Siku ya tisa, Jumapili

Tumeondoka Matema alfajiri kwa Hiace, tukabadilisha Kyela tukapanda Kosta ya Mbeya. Chungu kipo mapajani, kimefungwa kwa sweta la Matamba. Kondakta alitaka nauli ya nusu kiti kwa ajili yake. Nikalipa. Tukuyu palikuwa na mvua kama kawaida, mama mkwe alikuwa kituoni na mkungu wa ndizi wa binti yake, ukapakiwa juu.

Baada ya kupita Kiwira mvua ikakatika. Tulipokaribia Isongole jua lilikuwa limewaka, anga la buluu lisilo na hata pamba moja, na kwa mara ya kwanza niliuona mlima wa Ngozi mzima, ukingo wake umechorwa kama kwa penseli. Nikageuka kumwamsha shemeji. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kinagonga kioo.

"Shemeji! Ngozi hiyo! Kumeshafunguka!"

Akafumbua jicho moja, akatazama mlima, akatazama saa. Basi la Dar lilikuwa linatungoja Uyole na tiketi tulishakata. Akalifumba tena.

Nilisimama nusu, chungu kifuani, nikauangalia ule ukingo hadi ulipozibwa na lori la viazi.